Cesare Beccaria: Mtaliano aliyetaka adhabu ipimwe kwa akili

Katikati ya mwaka 1764, kitabu kidogo kisichokuwa na jina la mwandishi kilichapishwa katika mji wa bandari wa Livorno, nchini Italia. Kilihusu makosa na adhabu. Aliyekiandika alikuwa kijana wa miaka 26 ambaye alihofia kuandamwa na wakubwa wa dini na serikali, hivyo akaona ni salama zaidi kujificha.

Kijana huyo, Cesare Beccaria, alizaliwa Milan tarehe 15 Machi 1738 katika ukoo wa makabaila, wakati mji huo ukiwa chini ya utawala wa Austria. Alisoma katika shule ya Wajesuti mjini Parma, kisha akahitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Pavia mwaka 1758. Alipotaka kumwoa Teresa Blasco, baba yake alipinga, na Beccaria akazuiliwa nyumbani kwa amri iliyoombwa na mzazi wake mwenyewe. Hata hivyo, ndoa hiyo ilifungwa mwaka 1761.

Wakati huo alijiunga na kundi la vijana wasomi lililoongozwa na Pietro Verri. Alessandro, mdogo wake Pietro, alikuwa na kazi ya kuwatetea wafungwa wa Milan, na kutoka kwake Beccaria alipata habari za yaliyokuwa yakitendeka magerezani. Mahakama za zama hizo ziliruhusu mshukiwa ateswe, hata kwa kutundikwa kwa kamba, ili akiri kosa.

Beccaria aliliona kosa la msingi katika utaratibu huo. Mateso hayatofautishi mwongo na mkweli, bali hutenganisha mwenye mwili imara na mnyonge. Mhalifu mwenye nguvu huvumilia na kuachiwa, ilhali asiye na hatia hukiri ili maumivu yakome.

Alishikilia pia kwamba sheria iandikwe kwa lugha inayoeleweka, adhabu ilingane na kosa, na hukumu isicheleweshwe. Kinachomzuia mtu kutenda uovu, kwa maoni yake, ni kujua kwamba hakika atakamatwa, wala si ukali wa adhabu. Aliikataa adhabu ya kifo, isipokuwa pale usalama wa dola ulipokuwa hatarini, na badala yake akapendekeza kazi ngumu ya maisha. Wakosoaji wake wameeleza kwamba pendekezo hilo nalo lilikuwa na ukatili wake.

Kitabu kilienea upesi. Kilitafsiriwa kwa Kifaransa, na Voltaire akakiandikia ufafanuzi. Mwaka 1766 Kanisa Katoliki lilikiingiza katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Mwaka uliofuata, Malkia Catherine wa Urusi alichota mengi humo alipoandaa maelekezo ya kurekebisha sheria za nchi yake.

Umaarufu haukumfaa mtu huyo mwenye haya. Alialikwa Paris mwaka 1766, lakini alishindwa kuvumilia kuwa mbali na mkewe, akakatiza ziara na kurejea nyumbani. Urafiki wake na ndugu wa Verri ukavunjika. Baadaye alifundisha uchumi mjini Milan na kuitumikia serikali hadi alipofariki tarehe 28 Novemba 1794.

Kabla ya kufa alishuhudia matunda ya hoja zake. Mwaka 1786, jimbo la Toscana lilifuta mateso na adhabu ya kifo. Miaka 6 baadaye, akiwa katika tume ya kurekebisha sheria za Lombardia, yeye na wenzake wawili walitoa maoni ya kuipinga adhabu hiyo.

Karne iliyofuata, Mtaliano mwingine, Cesare Lombroso, alidai kwamba uhalifu husomeka katika umbo la mwili. Dai hilo limekataliwa na wataalamu. Hoja ya Beccaria imedumu: tafiti nyingi za leo zinaonyesha kuwa uwezekano wa kukamatwa huzuia uhalifu kuliko ukali wa hukumu.

Mjadala wenyewe haujafungwa, hata katika ukanda wa Maziwa Makuu. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007 na Burundi mwaka 2009, ilhali Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliondoa mwaka 2024 usitishaji wa kuitekeleza. Swali aliloliuliza Beccaria akiwa amelificha jina lake bado linasubiri jibu la pamoja.