Ya'qub al-Kindi na Chungu cha Kukeneka

Abu Yusuf Ya'qub bin Is-haq al-Kindi, aliyepewa lakabu ya mwanafalsafa wa Waarabu, alizaliwa Kufa yapata mwaka 801, na babake alikuwa liwali wa mji huo. Alipata heshima Baghdad kwa Khalifa al-Ma'mun, kisha al-Mu'tasim akamkabidhi mwanawe Ahmad amsomeshe.

Katika itikadi tunahitilafiana naye kwa baadhi ya mambo, lakini elimu yake haikanushiki. Aliandika kitabu cha manukato chenye mapishi zaidi ya 100, na humo akaeleza namna ya kukeneka: chungu hutiwa moto, mvuke ukapanda, ukapozwa, ukadondoka safi kama marashi ya mawaridi tunyunyizianayo katika maulidi na maharusi. Akataja kuwa mvinyo nao hukenekwa vivyo hivyo.

Chungu hicho tulikiona kwa macho yetu tulipokwenda mazishini Homa Bay, na tena tulipopita Migori: pombe ya molasi ya miwa chini, sufuria ndogo ndani yake, beseni la maji baridi juu. Kidondokacho ni chang'aa. Alkoholi huchemka kwa digrii 78 na maji kwa 100, basi alkoholi hutangulia kupanda. Hata jina lake ni la Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja, nalo Wazungu ndio waliolihamisha.

Mzee mwenyeji wetu, aliyekuwa amemzika mpwa wake siku ile, alituuliza kama chang'aa huua kwa kuwa ni asidi. Tukamjibu kuwa sivyo. Uasidi wa alkoholi ni dhaifu mno, hauzidi ule wa maji, na karatasi ya litimasi haigeuki rangi. Ikiachwa wazi, vijidudu na hewa huigeuza siki, nayo siki ndiyo asidi. Na mvinyo uliogeuka siki wenyewe, mafakihi wameuhalalisha. Ama methanoli, spiriti ya viwandani ambayo wachuuzi wasiomcha Mungu huitia katika pombe ili kuiongeza ukali, chupani nayo ni pole vilevile. Ni ini la mnywaji liigeuzalo asidi ya fomiki, ile waitemayo majimoto wa miembeni, ikaharibu mshipa wa jicho. Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Mzee alinyamaza, kisha akatuuliza kama macho hayo hurudi. Tulimwambia kwamba mara nyingi hayarudi.

Turejee kwa al-Kindi. Aliwapinga waliodai kugeuza madini kuwa dhahabu, akawaita wadanganyifu. Zama za al-Mutawakkil, wana wa Musa bin Shakir walimfitini. Akapigwa, na vitabu vyake vyote vikachukuliwa, hata baadaye akarudishiwa. Alifariki Baghdad yapata mwaka 873. Katika tungo zake zaidi ya 200, nyingi zimepotea. Kile cha manukato kilisalimika, kikapigwa chapa Leipzig mwaka 1948.