Hukwe Zawose: mchunga ng'ombe wa Dodoma aliyeisikilizisha dunia ilimba

Msikilizaji wetu, ukisikia redioni vyuma vidogo vingi vikilia kwa pamoja, huku sauti ya mwanamume ikipanda juu ikiwa nyembamba kisha ikishuka ikawa nzito, huenda unamsikia Hukwe Zawose. Mzee huyu alifariki zaidi ya miaka 20 iliyopita, lakini hadi leo ukitaja ilimba na zeze nje ya Tanzania, jina lake ndilo hutajwa kwanza.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Nzali, mkoani Dodoma. Alikuwa Mgogo, na kama watoto wengi wa wafugaji, alikua akichunga ng'ombe. Sisi wa Ibadakuli na Usukuma kwa jumla hatuhitaji kuelezwa maisha hayo. Mchungaji anashinda porini, mifugo iko mbele yake na siku ni ndefu. Huko ndiko kijana anakojifunza kuimba kwa sauti ya kufika mbali, na mikono yake inapata nafasi ya kuchezea chombo. Muziki ulikuwa pia wa nyumbani kwao, maana baba yake naye alikuwa mtu wa muziki.

Ilimba ni chombo gani?

Ilimba ni malimba ya mkono. Ni sanduku la mti lililo wazi ndani, na juu yake zimepangwa fito za chuma kilichofuliwa zikawa bapa. Mpigaji anazibonyeza na kuziachia kwa vidole gumba. Fito ndefu inatoa sauti nzito, fupi inatoa sauti nyembamba, kwa hiyo fundi anatafuta sauti kwa kusogeza chuma mbele au nyuma. Kwenye ilimba kubwa kuna fito ambazo hazipigwi kabisa. Zipo ili zitikisike zenyewe jirani zake wanapopigwa, na sauti ijae. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, na huo ndio unaoleta ule mvumo kama wa nyuki.

Zeze nalo ni chombo cha nyuzi kinachosuguliwa kwa upinde. Vyombo hivi havifuati mpangilio wa sauti wa kinanda cha kanisani. Vina mpangilio wake, ule wa nyimbo za Wagogo. Hukwe alivipiga na alivitengeneza. Aliunda ilimba kubwa kuliko zilizozoeleka, zenye fito nyingi zaidi.

Kutoka kijijini hadi Bagamoyo

Baada ya uhuru, habari zake zilimfikia Mwalimu Julius Nyerere, naye akamwita Dar es Salaam akafanye kazi ya sanaa kwa ajili ya taifa. Tukumbuke hali ya wakati ule. Mijini, bendi za dansi zenye magitaa na matarumbeta ndizo zilizokuwa na jina, na kijana aliyetaka kuonekana wa kisasa alitafuta gitaa. Hukwe alifika mjini na ilimba yake, na hakuiacha.

Mwaka 1981 kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alikuwa miongoni mwa waliofundisha pale. Chuo hicho leo kinaitwa TaSUBa. Bagamoyo ndiko alikoweka makazi, akakusanya ndugu na watoto wake, wakaishi na kupiga muziki pamoja. Mjini pwani, mbali na Nzali, watoto wakakua wakisikia ilimba kila siku.

Kuvuka bahari

Kuanzia miaka ya 1980 alisafiri sana nje ya nchi. Mwaka 1985 ilitoka Uingereza albamu iliyoitwa Tanzania Yetu, aliyoirekodi na wenzake. Baadaye mwanamuziki Peter Gabriel wa Uingereza alimfungulia mlango katika kampuni yake ya Real World, ikatoka Chibite mwaka 1996. Mwaka 2002 ilitoka Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Mwaka huohuo yeye na mpwa wake, Charles Zawose, walizunguka Marekani wakifungua maonyesho ya Peter Gabriel, mbele ya maelfu ya watu wasiojua neno hata moja la Kigogo.

Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki. Ndani ya muda mfupi familia ilipoteza mwalimu na yule aliyekuwa akimfuata.

Kilichoiokoa ilimba

Hapo ndipo mambo yangeweza kuisha. Rekodi inatunza sauti ya mtu, lakini haimfundishi mtoto namna ya kufua chuma, kukisogeza mpaka sauti ikae, au kutafuta utando wa buibui. Hayo yanakaa mikononi, na mikono ikifa bila kurithisha, basi. Kwa Zawose mikono mingine ilikuwepo. Mwanawe Msafiri aliendelea na muziki huo. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu iitwayo Maisha. Hilo lina uzito wake, kwa sababu ilimba na zeze kwa desturi vilikuwa vya wanaume. Wanawake wa Kigogo walijulikana zaidi kwa ngoma ya muheme.

Kwetu Usukumani tunayo ndono, tunalo zeze, na ngoma za watemi zimetunzwa pale makumbusho ya Bujora, Kisesa. Ngoma iliyo makumbusho iko salama, lakini haimpati mrithi mpaka mtu aifundishe. Kama nyumbani kwenu yupo babu anayejua kupiga ndono, mkalishe mjukuu karibu naye wakati bado vidole vyake vina nguvu.