Matthew Henson na Lugha ya Nchi ya Barafu

Matthew Alexander Henson alizaliwa tarehe 8 Agosti 1866 katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mwaka mmoja tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kukoma na utumwa kupigwa marufuku. Wazazi wake walikuwa wakulima weusi, maskini lakini huru. Aliondokewa nao angali mdogo, na alipotimu miaka 12 hivi alikwenda kwa miguu hadi bandari ya Baltimore, akaajiriwa katika merikebu iliyoitwa Katie Hines. Nahodha Childs alimpenda kijana huyo, akamfundisha kusoma, kuandika, hesabu na kazi za ubaharia. Baada ya nahodha kufariki, Henson alirejea nchi kavu. Mwaka 1887 alikuwa akifanya kazi katika duka la kofia mjini Washington alipokutana na Robert Peary, mhandisi wa jeshi la majini, aliyemchukua kuwa mtumishi wake katika safari ya Nikaragua.

Neno hilo, mtumishi, linafaa kuzingatiwa kwa kuwa lilimwandama Henson maishani mwake, hata pale kazi alizozifanya zilipokuwa zimelipita kwa mbali.

Mwaka 1891 Peary aligeukia kaskazini, akaenda Greenland, naye Henson akafuatana naye. Kwa muda wa miaka 18 iliyofuata walirudi huko mara kwa mara. Nchi hiyo ina majira ya baridi yasiyofanana na yale ya miji ya Ulaya na Marekani. Jua huzama wakati wa vuli na halionekani tena kwa zaidi ya miezi mitatu, bahari huganda ikawa uwanja, na baridi huteremka hata kupita nyuzi 45 chini ya sifuri. Katika hali hiyo watu walitakiwa kufanya kazi nje, tena kazi za mikono.

Wazungu wengi waliofika huko waliwachukulia Wainuiti, wenyeji wa nchi hiyo, kuwa vibarua wa kubeba mizigo. Henson aliwachukulia kuwa walimu. Waswahili husema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Yeye aliishi nyumbani mwao, akala nyama yao na kuvaa mavazi yao ya ngozi. Juu ya yote alijifunza lugha yao, na kwa ufasaha, ilhali wenzake wengi walitosheka na maneno machache ya kuamrisha. Lugha hiyo si nyepesi. Neno moja huweza kubeba maana ya sentensi nzima, jambo ambalo halitamshangaza sana mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kuchanganua kitenzi kama ‘hawakutuandikia’. Tofauti ni kwamba Kiswahili hutanguliza viambishi vingi kabla ya mzizi, na lugha ya Wainuiti huviambatisha nyuma yake.

Ufasaha huo haukuwa pambo. Ni kwa lugha hiyo Henson alifundishwa kwamba jasho ni hatari kuliko upepo, kwa sababu nguo iliyolowa huganda mwilini; kwamba viatu vya ngozi hutiwa nyasi kavu ndani ili zinyonye unyevu; na kwamba barafu ya baharini husomwa kabla ya kukanyagwa. Alijifunza pia kuunda na kuendesha sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachokokotwa na mbwa. Kila mbwa hufungwa kamba yake, na kamba hizo husokotana njiani. Kuzifungua, au kutoboa tundu jipya katika ubao uliovunjika, huhitaji vidole vitupu nje ya glavu. Mtu hufanya kidogo, akarudisha mikono ndani ya manyoya hadi ipate joto, kisha akaanza upya.

Mnamo Januari 1899, katika giza la majira ya baridi, Peary aliwaongoza wenzake hadi Fort Conger, kituo kilichokuwa kimehamwa. Walipofika, miguu yake ilikuwa imeganda, naye akapoteza vidole vingi. Henson na Wainuiti walimuuguza, kisha wakamrudisha melini juu ya sleji. Tangu hapo Peary hakuweza kutembea mwendo mrefu kama zamani, na msafara ukazidi kuwategemea wale waliokuwa na miguu mizima.

Safari ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1908 na 1909. Meli yao, Roosevelt, ilitia nanga Cape Sheridan. Kutoka hapo shehena ilisafirishwa kwa sleji hadi Cape Columbia, watu wakienda na kurudi njia ile ile, mara nyingine kwa mwanga wa mwezi tu. Mwanzoni mwa Machi 1909 wakaingia baharini juu ya barafu, watu 24 na mbwa 133. Makundi ya kusaidia yalirudishwa moja baada ya jingine. Waliobaki mwishoni ni Peary, Henson na Wainuiti wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Tarehe 6 Aprili Peary alitangaza kuwa wamefika Ncha ya Kaskazini. Watafiti wa baadaye wametilia shaka vipimo vyake, na wengi huona kwamba hawakuifikia hasa. Shaka hiyo haiigusi kazi ya Henson, maana hesabu za mahali zilikuwa mikononi mwa Peary.

Waliporejea, Peary alipandishwa cheo akawa admirali, akapewa na pensheni. Henson alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1912, ila hakikumtajirisha. Alilinda magari huko Brooklyn, kisha kuanzia 1913 akawa tarishi katika Idara ya Forodha mjini New York, kazi aliyoishika hadi 1936. Mwaka 1937 chama cha wavumbuzi cha New York kilimpokea. Nishani ya Bunge ilimfikia mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 77.

Alifariki tarehe 9 Machi 1955, akazikwa New York. Huko Greenland alikuwa ameacha mwana, Anauakaq, aliyezaliwa mwaka 1906 na kukua akizungumza lugha ile ambayo babake alijifunza ukubwani. Mwaka 1987 mzee huyo alisafiri hadi Marekani kulizuru kaburi la babake, na akafariki mwaka huohuo. Tarehe 6 Aprili 1988 mabaki ya Henson yalihamishiwa makaburi ya kitaifa ya Arlington, karibu na kaburi la Peary.