SAYYID AHMAD BIN SUMAYT, MWANAFUNZI MSAFIRI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Apandaye kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Machame au Marangu huiona mifongo ikipita kando ya vihamba. Maji yale hayakuanza pale migombani. Wazee wa kale waliyafuata juu msituni, wakayaongoza kwa jembe na kwa subira mpaka yakafika nyumbani. Na mfongo ulioishia msituni haumnyweshi mtu. Ilimu nayo ndiyo hivyo: mwenye kuitaka huifuata iliko, kisha huirejesha kwao. Mmoja aliyelidhihirisha jambo hili kwa maisha yake ni Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt, kadhi wa Unguja, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka wa 1861 katika mji wa Itsandra, kisiwa cha Ngazija. Babaye, Sayyid Abu Bakr, asili yake ni Shibam katika nchi ya Hadhramaut. Alikuwa mwanachuoni, tena mfanyi biashara. Kijana alisoma kwa babaye na kwa maulamaa wa Ngazija, akajifunza na ubaharia hata akawa nahodha. Angaliweza kuishika bahari na biashara maisha yake yote, wala asilaumiwe na mtu.

Lakini yapata mwaka wa 1881 alivuka kwenda Hadhramaut kutafuta ilimu. Hakwenda kuonana na jamaa tu. Alikaa mbele ya mashekhe wakubwa wa nchi ile, miongoni mwao Sayyid Aydarus bin Umar al-Habshi, Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, na Sayyid Abdurrahman al-Mashhur wa Tarim. Mtu asomaye kwao kwa mwalimu mmoja huenda akadhani kuwa alichokisikia ndicho chote. Akikaa mbele ya wengi, katika nchi asiyojulikana kwa sifa, ndipo ajuapo kipimo chake.

Aliporejea, Sayyid Barghash akamfanya kadhi mwaka wa 1883, naye ni kijana wa miaka 22 hivi. Wakati huo misafara ya pwani ilikuwa ikipanda mpaka Moshi kwa Mangi Rindi kutafuta pembe, na pamoja na nguo na ushanga ikapanda lugha ya Kiswahili na khabari za Uislamu. Mwaka wa 1885 Sayyid Barghash alimtuma Jenerali Mathews Kilimanjaro, ili wamangi waikubali bendera ya Unguja; mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakagawana bara, na mlima ukawa upande wa Wajerumani. Katika miaka hiyo ya msukosuko Sayyid Ahmad hakupatana na Sultani wake. Akaacha kazi, akatoka Unguja.

Hapa ndipo penye mazingatio. Safari ya kwanza aliitaka mwenyewe. Ya pili ilimjia kwa kuvunjika kwa jambo lake. Alifika Istanbul, akakaa kwa Sayyid Fadl bin Alawi, na Sultani Abdulhamid akamheshimu kwa nishani. Mtu aliyekwisha kuwa kadhi, kisha akavikwa nishani, wengi wangemwona amefika. Yeye akaondoka, akenda Misri na Makka, akafika hata India na Java, akionana na maulamaa na kupokea kwao. Aliyekuwa akiwahukumu watu alikubali tena kuwa mwanafunzi. Msiba wake aliugeuza kuwa darasa.

Sayyid Barghash alifariki mwaka wa 1888. Ndipo Sayyid Ahmad akarudi Unguja, akarejea katika ukadhi, akahukumu na kusomesha mpaka alipofariki mwaka wa 1925.

Wala hakuifanya safari kuwa fakhari yake peke yake. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alikuwa karibu rika lake, na juu ya hayo alikuwa mwanafunzi wake. Mwaka wa 1897 Sheikh Abdallah naye alisafiri Hadhramaut, akawazuru maulamaa wale wa mwalimu wake, na khabari za safari hiyo akazitungia kitabu. Aliporudi alisomesha Ukutani, mjini Unguja. Katika miaka ya 1913 na 1914 alifika hata Cape Town kuwapatanisha Waislamu wa huko waliokhitilafiana. Mfongo mmoja ukazaa mwingine. Wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, walifariki mwaka mmoja.

Leo kijana wa Moshi hana haja ya kungoja upepo wa kusi umchukue Arabuni. Ndege huruka kutoka chini ya mlima wake. Lakini mzazi bado huogopa kumtoa mwanawe, na khofu yake si ya bure. Wako waliokwenda wasirudi, na wako waliorudi wakawadharau wazee wao. Dawa ya khofu hiyo si kumfungia kijana kihambani. Ni kumpa adabu kabla ya nauli, ili akifika ugenini akubali kuwa mdogo, na akirudi akumbuke kwamba walio nyumbani wangali na kiu.

Mwenyezi Mungu awarehemu maulamaa hao, na awajaalie vijana wetu kwenda kwa kheri na kurudi kwa manufaa. Amin.