Jamaa aliyejipitishia mrija hadi moyoni

Leo siasa pembeni.

Shangazi yangu wa Handeni moyo humkimbia ghafla, mpaka anaanguka. Mwanzo tulisema karogwa. Daktari mmoja wa Dar akasema ni hitilafu ya umeme wa moyo, inatibika kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Nyumbani wakagoma: kitu kiingie moyoni halafu mtu apone? Ndo nikaja hapa Korogwe, nikalipia kompyuta, nikakutana na habari za Werner Forssmann.

Jamaa kazaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1904. Baba yake alikufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Akasomea udaktari, na mwaka 1929 alikuwa daktari mchanga katika mji mdogo wa Eberswalde. Aliamini mrija unaweza kufika moyoni kupitia mshipa wa mkono. Bosi akakataa katakata.

Vifaa alikuwa navyo nesi, Gerda Ditzen. Forssmann akambembeleza hadi nesi akakubali kujaribiwa yeye. Kumbe geresha! Akamfunga mezani, kisha akajichana mwenyewe karibu na kiwiko na kusukuma mrija sentimita 65. Halafu akashuka kwa miguu yake hadi chumba cha eksirei, mrija ukiwa ndani. Picha ikaonyesha ncha imefika moyoni. Miaka 25 hata hajatimiza, jamani!

Sifa hakupata. Hospitali kubwa ya Charité ikamtimua, akaishia kutibu magonjwa ya njia ya mkojo. Wala hakuwa malaika: mwaka 1932 alijiunga na chama cha Nazi, akaenda vitani kama daktari wa jeshi, akatekwa na Wamarekani. Baada ya vita alikata magogo, kisha akatibu watu kijijini.

Huku nyuma, André Cournand na Dickinson Richards wa New York walikuwa wameichukua njia yake na kuiendeleza. Mwaka 1956 wote watatu wakapewa Nobel. Forssmann alifariki mwaka 1979, tena kwa maradhi ya moyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Marekani wakaanza kutumia mrija kutibu mapigo korofi. Siku hizi ncha yake inasoma umeme wa moyo, inatafuta kipande kinacholeta fujo, inakichoma kwa joto la mawimbi ya redio. Hatari zipo, mfano kuvuja damu, lakini kifua hakipasuliwi. Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili nayo hupitisha mirija moyoni.

Kikao cha familia ni Jumapili. Nimeprinti picha ya ile eksirei, naenda nayo Handeni. Uamuzi ni wa shangazi mwenyewe, ila asikatae kwa kuogopa kitu ambacho mtu alishakifanya mwaka 1929 na akashuka ngazi.

Mdau mwenye ndugu aliyetibiwa hivyo, tupia maoni hapo chini. Nitamsomea.