Thomas Morgan, mtu wa nzi, na uvimbe unaorithiwa

Msikilizaji, vile vijinzi vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni kwako ndivyo vilivyompatia Thomas Hunt Morgan Tuzo ya Nobeli mwaka 1933.

Morgan alizaliwa Lexington, Marekani, mwaka 1866. Kuanzia 1904 alifundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huko alikuwa na chumba kidogo kilichojaa chupa za maziwa, na ndani yake nzi waliolishwa ndizi. Wengi tungekimbia harufu.

Wakati huo Morgan hakuamini kwamba sifa za kurithi hubebwa na kromosomu, zile nyuzi ndogo zilizomo ndani ya seli. Mwaka 1910 akampata nzi dume mwenye macho meupe badala ya mekundu. Alipomzalisha, katika kizazi cha pili macho meupe yakajitokeza kwa madume tu. Jike hupata kromosomu ya X kwa mama na kwa baba. Dume hupata moja tu, ya mama. Ikiwa na kasoro, hana nyingine ya kumwokoa. Morgan akabadili msimamo, jambo ambalo wasomi wengi huliona gumu.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyofuatwa na kifo. Mwanafunzi wake, Calvin Bridges, aligundua ukoo wa nzi ambao nusu ya madume walikufa wakiwa bado funza, na mwilini wakiwa na uvimbe mweusi. Mtafiti Mary Stark akaufuatilia ukoo huo, na mwaka 1918 akaandika kwamba uvimbe ule unarithiwa. Mama aliubeba mzima wa afya, wanawe wa kiume wakafa.

Fedha za Nobeli Morgan aligawana na Bridges na mwenzake Sturtevant, zisaidie kusomesha watoto wao. Alifariki Desemba 1945, akiwa na miaka 79.

Baadaye ilijulikana kwamba uvimbe mweusi wa namna hiyo hutokana na seli za damu za nzi kuongezeka ovyo na kushikamana. Mwaka 1995 wanasayansi walionyesha kuwa katika ukoo mmoja wa nzi wa aina hiyo, kinasaba kimoja kilikuwa kama taa isiyozimika. Mwaka 2005 kasoro katika kinasaba cha jamii hiyo, JAK2, ikapatikana kwa binadamu ambao miili yao hutengeneza seli nyekundu za damu kupita kiasi. Leo zipo dawa zinazolenga hapo.