Helmholtz na giza la mboni

Kwa karne nyingi tabibu aliyemchungulia mgonjwa machoni aliona mboni nyeusi tu, mithili ya tundu lisilo mwisho. Mtu aliyekuwa akipofuka pasipo dalili ya nje hakuweza kuambiwa kilichomsibu. Aliyewapa matabibu njia ya kulishinda giza hilo ni Mjerumani Hermann von Helmholtz.

Alizaliwa mjini Potsdam tarehe 31 Agosti, 1821, mwana wa mwalimu mwenye kipato kidogo. Moyo wake uliipenda fizikia, lakini baba hakuwa na uwezo wa kumsomesha. Serikali ya Prussia ilikuwa ikiwafundisha udaktari vijana waliokubali kulitumikia jeshi baadaye. Helmholtz akaishika njia hiyo, akahitimu Berlin mwaka 1842. Hata hivyo fizikia hakuitupa mkono.

Mwaka 1850, akiwa profesa huko Königsberg, alikuwa akiwatayarishia wanafunzi wake somo juu ya jicho. Akatambua kwamba weusi wa mboni si wa asili. Mwanga uingiao jichoni hurudi kule kule ulikotoka, na mtazamaji akitaka kuupokea, kichwa chake mwenyewe huikinga taa. Basi akaiweka taa kando, na mbele ya jicho la mgonjwa akasimamisha mshazari vipande vyembamba vya kioo. Kioo kiliugeuza mwanga ukaingia jichoni. Uliporudi, sehemu yake ilipenya kioo na kumfikia mtazamaji aliyekuwa nyuma yake. Kwa karatasi ngumu, gundi, vioo vya hadubini na lenzi za miwani, akawa ameunda oftalmoskopu. Sasa retina ya mtu aliye hai ilionekana wazi, pamoja na mishipa yake ya damu.

Alikitangaza chombo hicho kwa maandishi mwaka 1851, na daktari Albrecht von Graefe wa Berlin akawa miongoni mwa waliotangulia kukitumia kwa wagonjwa. Kati ya mwaka 1856 na 1867 Helmholtz alitoa kitabu kikubwa juu ya elimu ya kuona, kikieleza jinsi lenzi ya jicho inavyonenepa tutazamapo kitu cha karibu, na jinsi tunavyotambua rangi. Alifariki tarehe 8 Septemba, 1894.

Sisi tunamkumbuka kwa sababu kazi yake haijakamilika. Glakoma na kisukari huliharibu jicho kimya kimya, na daktari atazamaye ndani huweza kuyaona madhara kabla mgonjwa hajayahisi. Nuru iliyopotea kwa glakoma hairudi tena. Kwa hiyo mwenye kisukari, na mwenye ndugu aliyepofuka kwa glakoma, asingoje maumivu ndipo apimwe. Nao wanaopanga matumizi ya hospitali hawana budi kuhakikisha kwamba chombo hiki kipo, na kwamba yupo aliyefundishwa kukitumia. Bila ya hayo, mgonjwa wa leo hana nafuu kuliko yule wa kabla ya mwaka 1850.